Nikiwasha VPN ya kazini, printa ya sebuleni inapotea

Swali: Kaka Fundi habari za kazi. Mimi niko Shangani hapa hapa Mtwara, nafanya mahesabu ya kampuni moja inayonunua korosho, ofisi yao kubwa iko Dar na mimi msimu wote nafanyia kazi nyumbani. Laptopu walinipa wao na ina VPN yao, bila kuiwasha mfumo wa mahesabu haufunguki kabisa. Shida yangu ni printa. Ipo sebuleni, ya Waifai, nikiwa sijawasha VPN inaprinti vizuri tu, nikiwasha inaniandikia haipo hewani. Kuna na diski nimeichomeka kwenye ruta, naweka skani za stakabadhi za ghala, nayo inapotea. Kwahiyo nafanya hivi: nadaunlodi hati, nazima VPN, naprinti, nawasha tena, naweka paswedi na ile namba inayokuja kwenye simu, mfumo ushanitupa nje naanza upya. Msimu uliopita dereva wa lori yuko getini anasubiri karatasi moja tu nikazunguka hivyo mara nne, mpaka akazima injini akaenda kula. Mdogo wangu anasema kuna namna ya kuivunja hiyo VPN ili vyote vipite. Nifanyeje? Msomaji, Shangani.

Jibu: Dada yangu pole sana, na hiyo kuzima-washa naijua, inachosha kuliko kazi yenyewe. Nianze na hilo la mdogo wako kwa sababu ndo linanitia wasiwasi: asivunje kitu. Laptopu ni ya ofisi, VPN ni ya ofisi, na ndani yake kuna majina ya wakulima na namba za akaunti zao za benki, siku kikitokea kitu utaulizwa wewe sio mdogo wako. Shida yako inatibika kwa njia ya halali, ila lazima kwanza tujue ni ugonjwa gani, maana printa kupotea ukiwasha VPN kuna sababu kama nne hivi na kila moja ina dawa yake, ukinywa dawa ya nyingine haikusaidii.

Tuelewane kwanza VPN inafanya nini. Ukiwa hujaiwasha, laptopu yako ikitaka kuongea na printa inaongea nayo moja kwa moja humo humo ndani, ruta inapokezana tu. Ikitaka kwenda nje inampa ruta kila kitu naye anapeleka. Ofisi nyingi VPN yao wameiseti kwamba ukiiwasha, kila kinachotoka kwenye laptopu kifungwe kwenye bahasha kipelekwe Dar kwanza, afu Dar ndo waamue kinaenda wapi. Kwa mfumo wa mahesabu hiyo safi kabisa. Kwa printa iliyoko mita tatu toka ulipokaa ni sawa na kumtuma mtoto akaombe chumvi kwa jirani afu ukampandisha basi la Dar. Akifika huko anauliza nyumba ya jirani, nani anamjua huyo jirani? Anarudi mikono mitupu, na laptopu inakuandikia printa haipo hewani wakati iko pale inawaka taa ya kijani.

Sasa hapa kuna kitu watu wengi wanakosea, hata mafundi. Wanasema VPN ikichukua kila kitu basi na printa lazima ipotee. Sio lazima. Kompyuta ina kama daftari la njia, ukifungua ule ubao mweusi wa Windows, unaoitwa Command Prompt, ukaandika route print utaliona. Kuna mstari wenye 0.0.0.0, huo maana yake kila kitu kingine chochote, na kuna mstari mwingine wa mtandao wa nyumbani kwako, mfano 192.168.1.0. Sheria ya hilo daftari ni moja tu, mstari unaotaja eneo dogo zaidi unashinda unaotaja eneo kubwa. VPN ikija inajiandika kwenye ule mkubwa, OpenVPN kwa mfano inaandika mistari miwili, 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1, yaani inaigawa dunia nzima mapande mawili ili iushinde ule mstari wa ruta yako bila kuufuta. Lakini mstari wa nyumbani bado ni mdogo zaidi, kwahiyo kwa daftari tu peke yake printa ilitakiwa iendelee kuonekana.

Kama haionekani basi kuna kingine, na ndo hicho tunakitafuta.

Fanya hivi, ni dakika kumi tu. Zima VPN. Nenda kwenye printa yenyewe, kwenye kale kakioo kake tafuta sehemu ya mtandao, utaona namba yake ya IP, tuseme 192.168.1.20, andika kwenye karatasi. Kama haina kioo iambie itoe karatasi ya taarifa zake, printa nyingi za Waifai zina hiyo. Rudi kwenye laptopu, fungua ule ubao mweusi andika ping 192.168.1.20. Inatakiwa ijibu mistari minne yenye muda. Isipojibu hata VPN ikiwa imezimwa, simama hapo hapo, shida sio VPN, angalia kama laptopu iko kwenye Waifai ya wageni au ruta imewekwa kuzuia vifaa visionane.

Ikijibu, washa VPN, rudia ping hiyo hiyo kwa namba hiyo hiyo. Afu chukua ile namba uiandike kwenye brauza pale juu unapoandikaga adresi, printa nyingi zina ukurasa wao mdogo unafunguka, una wino umebaki kiasi gani na vitu kama hivyo.

Ukiona VPN imewashwa na ping bado inajibu na ukurasa unafunguka, basi furahi, njia ipo, kilichopotea ni jina tu. Windows mara nyingi ikifunga printa yenyewe inaifunga kwa jina au kwa ile namna ya kuitana inayoitwa WSD, laptopu inapiga kelele ndani ya nyumba "printa uko wapi" na printa inaitika. VPN ikiwaka kelele hizo zinaweza zisitoke, na maswali ya majina yanapelekwa kwa seva ya majina ya ofisini Dar ambayo haijawahi kusikia printa yako. Dawa yake ni kuifunga printa upya kwa namba. Kwenye kuongeza printa usisubiri iitafute yenyewe, chagua kuongeza kwa adresi ya TCP/IP, weka ile namba, yenyewe itatumia poti 9100, yaani mlango ambao printa inapokelea kazi, na basi. Diski nayo usiifungue kwa jina, andika \\192.168.1.1 au namba yoyote ya ruta yako. Laptopu ya ofisi inaweza kukudai paswedi ya msimamizi kuongeza printa, hapo huna ujanja, mwite mtu wa IT aingie kwa mbali akufanyie, ni kazi ya dakika mbili.

Afu kitu kimoja cha huku kwetu Kusini. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inawaka upya na inaweza kuigawia printa namba mpya, jana ilikuwa .20 leo ni .23, wewe unalaumu VPN. Niliwahi kupoteza mchana mzima Ligula kwa mteja mmoja kwa sababu hii hii, nimefungua na kufunga VPN nimechoka, jioni ndo naangalia kioo cha printa nakuta namba imebadilika tangu asubuhi umeme ulipokatika. Tangu siku hiyo nikifika kwa mtu naanza na namba kwanza. Ingia kwenye setingi za ruta, tafuta sehemu ya DHCP, kuna mahali pa kuitengea printa namba yake ya kudumu, unachagua printa kwenye orodha unaipa .20 na inakuwa yake siku zote hata umeme ukatike mara ngapi.

Ukiona VPN imewashwa na ping haijibu kabisa, ndo tunaingia kwenye kesi ya tatu na ndo nahisi ndo yako, maana umesema na diski inapotea. Hapo kuna mlinzi mlangoni. Programu ya VPN yenyewe imeweka ukuta ndani ya laptopu kwamba hakuna kitu kutoka nje ya bahasha, hata kwenda kwa jirani. Hii sio hitilafu, mtu wa IT aliamua iwe hivyo. Kwenye OpenVPN kuna neno moja tu anaongeza kwenye setingi za seva, block-local, na kazi imeisha. WireGuard ya Windows ina kiboksi cha kuzuia kila kisichopita kwenye VPN, kikiwa na tiki na mtandao wa nyumbani unafungwa. Cisco, ile AnyConnect ambayo siku hizi inaitwa Secure Client, kwenye setingi zake unaweza kukuta mstari wenye neno LAN wa kuruhusu mtandao wa nyumbani, utakuta watu wanautia tiki halafu wanashangaa hakuna kilichobadilika, sababu ni kwamba ile tiki yako ni ombi tu, upande wa ofisi nao lazima uwe umeruhusu. Kwahiyo ukiuona tia tiki, zima VPN washa tena ujaribu, ikikataa usiendelee kuhangaika nayo.

Kama ofisi yako inatumia VPN ya Windows yenyewe, ile isiyo na programu ya pembeni, kuna kiboksi cha kutumia lango la mtandao wa mbali, kipo ndani kabisa kwenye setingi za IPv4. Kikitolewa tiki, ni vya ofisi tu vinaenda ofisini na vingine vyote vinapita kwenye ruta yako. Nakutajia ujue kipo. Usikitoe bila kuongea nao, kwa sababu ukikitoa sio printa peke yake inayotoka, na Facebook na kila kitu kinatoka nje ya bahasha na wao hawajui.

Utaniuliza kwani printa ya sebuleni ina ubaya gani mpaka izuiwe. Nami zamani niliona ni ukorofi wa watu wa IT tu, siku hizi sioni hivyo. Mtandao wa nyumbani una mengi, kuna simu za watoto, kuna tivii, kuna kamera ya getini ambayo haijabadilishwa paswedi tangu itoke dukani. Laptopu ikiwa na mguu mmoja ndani ya ofisi na mguu mwingine hapo, aliyeshika hiyo kamera anaweza kuitafuta laptopu, na laptopu ndo ina mlango wa Dar. Na kuna la pili ambalo wengi hawajui. Agosti 2023 watafiti walitangaza udhaifu walioupa jina TunnelCrack, sehemu yake moja inahusu jambo hili hili la kuruhusu mtandao wa karibu. Unakaa mahali, unaunga Waifai ambayo mwenye nayo ni mwizi, ruta yake inaidanganya laptopu kwamba namba fulani za mtandaoni, ambazo kiukweli ni za tovuti iliyoko mbali huko, eti ni za vifaa vya humo humo ndani. VPN yako kwa kuwa umeiambia vya ndani viende nje ya bahasha, inavitoa, na mwizi anavipokea. VPN nyingi zilikutwa na tatizo hilo. Ndo maana mtu wa IT mwenye akili ukimwambia "fungua mtandao wa nyumbani" anakataa, na ana haki.

Ila ukimwomba kidogo hakatai. Na hapa ndo nataka unisikilize vizuri dada yangu, kwa sababu nimeona watu wengi wanaomba vibaya wananyimwa afu ndo wanaanza kutafuta wa kuvunja. Usiombe kufunguliwa mtandao. Omba namba moja na poti moja. Muandikie kitu kama hiki:

"Habari, naomba VPN kwenye laptopu yangu iruhusu printa moja tu ya nyumbani, namba yake 192.168.1.20, nimeshaitengea kwenye ruta haibadiliki. Poti 9100 inatosha. Kila siku ya mnada nalazimika kukata VPN mara kadhaa ili niprinti hati za kutolea mzigo, na nikikata laptopu inabaki kwenye intaneti bila ulinzi wenu. Nimejaribu kwa ping: VPN ikizimwa inajibu, ikiwashwa haijibu. Kama hairuhusiwi naomba mniambie nitumie waya wa USB."

Hiyo sentensi ya kukata VPN mara kadhaa ndo yenye nguvu, kwa sababu ni kweli na yeye itamtisha kuliko printa. Sasa hivi ofisi inadhani laptopu yako iko ndani ya bahasha muda wote, kumbe kila ukitaka karatasi inatoka nje na hati zao ziko ndani ya diski yake. Na ukishampa namba moja kamili anaweza kuandika njia ya kifaa kimoja, wenyewe wanaita /32, haimfungulii mtu mwingine yeyote humo nyumbani.

Ile diski ya kwenye ruta sitakuombea. Skani za stakabadhi zina majina na namba za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kampuni yako ndo inawajibika na hizo taarifa na haiwezi kuzilinda zikiwa kwenye diski iliyochomekwa nyuma ya ruta ambayo yeyote mwenye paswedi ya Waifai anaweza kuifungua. Zihamishie kwenye folda ya ofisi, zinaingia humo humo kwenye VPN, na shida ya diski inakufa yenyewe. Na kwa sababu hiyo hiyo usijitumie hati WhatsApp ili uprinti kwa simu, najua ni rahisi na najua wengi wanafanya.

Wakati unasubiri jibu lao nunua waya wa USB wa printa, ule wenye kichwa cha mraba upande mmoja, maduka ya stesheneri na ya kompyuta hapo mjini wanao. Printa iliyounganishwa kwa waya haipiti kwenye mtandao kabisa kwahiyo VPN haina cha kuizuia, isipokuwa ofisi iwe imefunga na milango ya USB, wapo wanaofunga. Chukua mrefu kidogo lakini usizidi mita tano, USB ya printa ikiwa ndefu kuliko hapo inaanza kusumbua. Wala huna haja ya kuuchomeka muda wote, siku ya mnada unatosha, hata dereva akiwa getini.

Kesi ya nne nimeiachia swali linalofuata maana limekuja lenyewe.

Swali: Shikamoo kaka. Mimi kijana wako wa Lindi, Mtanda. Nafanya kazi ya data kwenye ofisi ya mradi, kuna siku nashinda nyumbani na VPN yao. Nyumbani nina kamera, namba yake 192.168.1.20. Juzi VPN ikiwa imewashwa nimeandika hiyo namba kwenye brauza ikafunguka printa! Printa kubwa ya ofisi ambayo siijui na mimi nyumbani sina hata printa. Nikizima VPN inarudi kamera yangu. Nimehakiwa? Msomaji, Lindi.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hujahakiwa, na hongera kwa kuangalia vizuri, wengi wangepita tu.

Mtaani kwako kuna nyumba namba 20, na kule ofisini wanakokaa kuna mtaa wenye jina lile lile na nyumba namba 20. Ukizima VPN mtaa ni mmoja, ukiwasha ni miwili yenye jina moja na laptopu inabidi ichague, kwenye jibu la dada wa Shangani nimesema mstari mdogo unashinda, sasa hapa mistari yote miwili ni sawa kwa udogo, kwahiyo anashinda yule ambaye laptopu imempa kipaumbele na programu ya VPN kawaida inajipa kipaumbele yenyewe. Umeandika namba ya kamera, bahasha ikaenda ofisini, na huko kweli kuna kitu chenye namba hiyo. Angalia hatari yake: ungekuwa na printa nyumbani na ukaituma karatasi yako ya mshahara, ingetokea ofisini mezani kwa watu.

Hili linatokea kwa sababu namba za ndani ni chache na watu tunapenda zile zile. Tangu Machi 1994 zimetengwa kanda tatu za kutumia ndani bila kumwomba mtu, zinazoanza na 10, zinazoanza na 172.16 mpaka 172.31, na zinazoanza na 192.168. Kanda ya kwanza ina namba zaidi ya milioni 16, ya pili zaidi ya milioni moja, ya tatu ina 65,536. Pamoja na wingi wote huo ruta zinatoka kiwandani na 192.168.1 au 192.168.0, zile boksi za Huawei za faiba utakuta 192.168.100 na zile za laini 192.168.8, na mtu aliyefunga ofisi miaka ile hakugusa, na wewe hukugusa, mkakutana.

Ofisi huwezi kuihamisha kwahiyo hamisha nyumba yako. Ingia kwenye ruta, sehemu ya LAN, pale penye 192.168.1.1 andika namba ya tatu ambayo haina mtu, mimi napendaga kama 192.168.83.1. Usiweke 192.168.10 wala 192.168.2 wala 10.0.0, hizo nazo zimejaa watu. Ukisevu ruta itakutupa nje, usiogope, zima Waifai ya laptopu uwashe tena, ingia kwa namba mpya. Simu na tivii vitafuata vyenyewe. Kamera ndo inaweza kubaki nyuma kama uliipa namba kwa mkono, kwahiyo kabla hujaanza ingia kwenye kamera kwanza uiambie ichukue namba yenyewe kutoka kwenye ruta, kisha ndo ubadilishe ruta, ukigeuza mpangilio huo utaipandia ngazi kamera kwenda kuiriseti. Halafu itengee namba kwenye ruta kama nilivyomwambia dada wa Shangani. Fanya hiyo kazi asubuhi umeme ukiwa umetulia, na uwe na waya wa mtandao karibu endapo Waifai itagoma.

Ukimaliza washa VPN jaribu tena. Kamera ikifunguka umepona. Isipofunguka basi na mlinzi wa mlangoni naye yupo, na kamera usimwombee ruhusa, itazame kwa simu.

Swali: Kaka mimi wa Mikindani. Nimeweka VPN ya ofisi kwenye simu, nikaipa laptopu yangu hotspot nikijua na yenyewe itakuwa ndani ya VPN. Mfumo wa ofisi unakataa kwenye laptopu, kwenye simu unafungua. Kwanini?

Jibu: Kwa sababu VPN ya simu inafunga bahasha za simu tu. Laptopu ikija kwa hotspot, Android na iPhone zote kwa kawaida zinampitisha mgeni pembeni, anaenda moja kwa moja kwenye intaneti. Ofisi inamwona ni mtu wa nje inamkatalia. Omba wakuwekee VPN kwenye laptopu yenyewe, hotspot hiyo hiyo itatosha kuibeba. Na usitafute zile apu za kugawa VPN kwa hotspot, utakuwa umemweka mtu wa tatu asiyejulikana katikati yako na ofisi. Kama una printa ya Waifai hapo iunge kwenye hotspot hiyo hiyo, ila ujue namba zake zinaweza kubadilika ukizima na kuwasha hotspot, kwa hali hiyo waya wa USB ndo utakuwa rafiki yako.

Swali: Nasikia VPN Tanzania hairuhusiwi, sasa sisi wa ofisini tukoje? Msomaji, Masasi.

Jibu: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo kwamba watu na kampuni ambazo kazi zao zinahitaji VPN wapeleke taarifa zao pamoja na namba za IP, na ikaweka mwisho tarehe 30 Oktoba 2023, kwa kutumia kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 ambazo zinakataza kutumia teknolojia kufungua maudhui yaliyozuiwa. VPN ya kazini iliyoandikishwa na mwajiri ni jambo jingine kabisa na zile za bure za kudaunlodi. Mpigie mtu wa IT wa ofisi yako, muulize swali moja, kama ofisi ilishapeleka taarifa zake TCRA na kama VPN unayotumia wewe imo kwenye hizo. Akisema haijui hiyo habari, muombe aulize makao makuu wiki hii hii.